Ndege Huyu na Ndege Hii

Kila mwalimu wa Kiswahili hufikia somo ambalo humlazimu kuandika ubaoni sentensi mbili zinazofanana kama mapacha: "Ndege ametua" na "Ndege imetua." Jina ni lile lile, kitenzi ni kile kile, kilichobadilika ni silabi moja tu ya upatanisho. Sentensi ya kwanza yamzungumzia kiumbe mwenye uhai, na ya pili yakizungumzia chombo kilichoundwa kwa mikono ya wanadamu. Ni jambo dogo la sarufi, na wanafunzi wetu wa Uganda, ambao wengi wao lugha zao za nyumbani zina ngeli kama zetu, hulishika upesi. Katika makala haya twaomba ruhusa ya wasomaji tuitembeze silabi hiyo ndogo mpaka mbali kidogo, kwani kuna siku ilitusaidia kufikiri pale ambapo macho na masikio yetu yalikuwa yamezidiwa.

Watu wa pwani walipoanza kukiona chombo hiki hawakupata taabu kubwa ya kukitafutia jina. Kiliruka kama ndege, basi kikawa ndege; wengine wakakiita ndege Ulaya ili kukitenga na kunguru na njiwa. Sehemu zake na watu wake wakapewa majina ya baharini. Rubani, kabla ya kupanda angani, alikuwa mtu ajuaye miamba na mikondo ya maji, aongozaye chombo kiingie bandarini salama. Abiria alikuwa mtu avukaye maji. Usukani ulikuwa wa jahazi, na rafadha ilikuwa ya meli. Mswahili asemapo leo kwamba rubani ameshika usukani, huwa ameichukua bahari nzima na kuipandisha mawinguni pasipo kujua. Lakini lugha hiyo hiyo iliyokikirimu chombo jina la kiumbe ilisita kukipa upatanisho wa kiumbe. Jina ilikipa, uhai ilikinyima.

Tulikuwa wawili, walimu wa Kiswahili kutoka Uganda, tuliokwenda Uingereza wakati wa kiangazi kwa mafunzo mafupi ya ufundishaji wa lugha. Jumamosi moja mwenyeji wetu alitushauri twende pamoja naye mashariki ya nchi hiyo, katika jimbo la Lincolnshire, kwenye kijiji kiitwacho East Kirkby. Alituambia kuwa kulikuwa na maonyesho ya ndege za zamani, na kwamba watu wa sehemu zile huyapenda mno. Tulikubali, kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni naye hapaswi kuchagua mno.

Lincolnshire ni nchi tambarare. Mtu aliyekulia kwenye vilima vya Kigezi au Bugisu huihisi kama meza iliyopanguswa: mashamba ya ngano na viazi yanakwenda mpaka upeo wa macho, na mbingu ni kubwa kuliko ardhi. Utambarare huo ndio uliolifanya jimbo hilo lijazwe viwanja vya ndege katika Vita Kuu ya Pili, maana ardhi ni sawa na Ujerumani iko ng'ambo tu ya bahari. Kiwanja cha East Kirkby kilifunguliwa mwezi wa Agosti 1943. Hapo vilikaa vikosi viwili, namba 57 na namba 630, vilivyotumia ndege kubwa za mabomu zilizoitwa Lancaster. Vita vilipokwisha, askari waliondoka, na wakulima wakarudi taratibu kupanda mazao na kufuga kuku palipokuwa pakinguruma mitambo.

Kisa cha maonyesho hayo si cha serikali, wala hakikuanzishwa na jeshi. Ni kisa cha familia moja. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 1944, Uingereza ilituma ndege 795 kwenda kuupiga mji wa Nürnberg. Kulikuwa na mbalamwezi, na ndege za Wajerumani zikawaona wenzao kama mtu aonavyo ng'ombe weupe malishoni usiku. Ndege 95 za Uingereza ziliangushwa. Kikosi cha ndege za mabomu hakikupata kuona usiku mwingine wa hasara kama ule katika vita vyote. Miongoni mwa waliokufa alikuwa kijana mmoja wa Lincolnshire, Christopher Panton, fundi wa injini ndani ya ndege ya aina ya Halifax. Wadogo zake wawili, Fred na Harold, walikua wakawa wakulima, lakini jina la kaka yao halikuwatoka. Walipopata uwezo walinunua sehemu ya kiwanja kile cha zamani. Mwaka 1983 wakainunua ndege nzima ya Lancaster, kwa fedha za shamba, na mwaka 1988 wakafungua milango ili kila mtu aje aione. Fred alifariki mwaka 2013. Familia na majirani wanaendelea na kazi.

Hebu tueleze tulichokiona. Palikuwa na hema za chai na maandazi ya kizungu, bendi iliyopiga nyimbo za miaka ya vita, na mabibi waliojisuka nywele kwa mtindo wa mwaka 1940. Watoto walikuwa wamepanda mabega ya baba zao. Wazee wachache walikuwa wamevaa nishani vifuani. Kwa mbali tungeweza kudhani kuwa ni sikukuu ya kijiji, au mnada wa mifugo. Kisha, katika banda kubwa, milango ilifunguliwa na chombo chenyewe kikavutwa nje.

Lancaster ina urefu wa mita 21, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 31. Imepakwa rangi nyeusi tumboni, rangi ya kujificha usiku. Ina injini nne, na ndani yake walikaa watu saba: rubani, fundi wa injini, mwonyesha njia, mlenga mabomu, mpiga simu ya upepo, na wapiga bunduki wawili, mmoja mgongoni na mwingine peke yake mkiani. Ubavuni imeandikwa jina la kike, Just Jane, lililotokana na msichana wa katuni za gazeti moja la wakati ule. Ndege hii hasa iliundwa mwaka 1945 ili ipelekwe Mashariki ya Mbali kupigana na Wajapani, lakini vita vikaisha kabla haijaondoka. Baadaye iliuzwa kwa jeshi la wanamaji la Ufaransa, ikahudumu mpaka visiwa vya Pasifiki. Kwa hiyo, pamoja na umbo lake la kutisha, haijapata kuangusha bomu juu ya mji wa mtu yeyote.

Injini ziliwashwa moja moja. Ya kwanza ilikohoa moshi wa buluu, rafadha ikazunguka nusu duara, ikasita, kisha ikapotea machoni ikabaki duara la ukungu. Ikafuata ya pili, ya tatu na ya nne. Hapo hatukusikia tena kwa masikio. Tulisikia kwa mbavu. Nyasi zililala chini nyuma ya ndege kama nywele zilizochanwa. Siku hiyo chombo hicho hakikuruka, kilitambaa tu ardhini kwa uzito wake, kikigeuka mwisho wa uwanja na kurudi. Lakini baadaye kidogo Lancaster nyingine ilikuja kutoka Coningsby, kiwanja cha jeshi kilicho jirani, ikisindikizwa na ndege ndogo mbili, Spitfire na Hurricane. Zilipita juu ya vichwa vyetu, chini kabisa, na umati wote ukanyamaza. Tuliambiwa kwamba kati ya Lancaster 7,377 zilizoundwa, ziliobaki zikiruka zilikuwa mbili tu duniani, hiyo moja na nyingine iliyoko Kanada. Na kwamba mwaka 2014 ile ya Kanada ilivuka bahari, zikakutana zote tatu hapo East Kirkby, mbili hewani na moja ardhini.

Zilipopita, umati ulipiga makofi. Mmoja wetu alipiga makofi pamoja nao. Mwingine alikunja mikono.

"Mwalimu, mbona hupigi?" aliuliza wa kwanza.

"Mwalimu, ningependa kwanza nijue ninapigia nini," alijibu wa pili.

Swali hilo lilikaa kati yetu siku nzima, na hatukuona haya kulijadili, kwani tulikuwa wageni na hakuna aliyekuwa akitusikiliza kwa Kiswahili chetu. Aliyepiga makofi alisema kuwa alipigia ushujaa. Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza walihudumu hewani watu wapatao 125,000, na 55,573 kati yao walikufa. Yaani karibu nusu. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wa wanafunzi wetu wa vyuo vya ualimu. Walijua hesabu hiyo, na bado walipanda. Aliyekunja mikono naye alisema kuwa hesabu ina upande wa pili. Mwezi wa Julai 1943 ndege kama hizo ziliuchoma mji wa Hamburg kwa moto ambao ulivuta upepo kama tanuri, na watu zaidi ya 30,000 wakafa. Mwezi wa Februari 1945 uliteketezwa mji wa Dresden, na waliokufa humo walikuwa wapatao 25,000 kwa mujibu wa tume ya wanahistoria iliyotoa taarifa yake mwaka 2010. Wengi wa hao walikuwa mama, watoto na wazee. Bomu halimwulizi mtu kama ni askari au ni mpishi.

Hatukufikia mwafaka, ila tulipata shahidi. Karibu na mkia wa ndege alikuwapo mzee mmoja wa kujitolea, amevaa ovaroli, ameshika kitambaa chenye mafuta. Alituonyesha kiti cha mpiga bunduki wa mkiani, kijisehemu chembamba cha vioo na chuma ambamo mtu aliketi saa nane au tisa peke yake katika baridi kali, akitazama nyuma anakotoka. Alitueleza kuwa ndugu ya mama yake aliketi katika kiti cha namna hiyo, na hakurudi. Alipoizungumzia ndege aliizungumzia kama mwanamke: ana homa leo, anakunywa mafuta mengi, ana maringo. Tulimwuliza, kwa adabu, kama hatatizwi na kusherehekea chombo cha vita.

"Vita sivisherehekei," alijibu. "Mimi hapa husafisha kiti tu."

Hapo ndipo silabi yetu ndogo ilipokuja kutusaidia. Mzee yule, kwa lugha yake, aliipa ndege uhai. Na twaelewa kwa nini, maana mtu hupenda alichokitumikia kwa mikono yake. Lakini Kiswahili kingetulazimu tuseme "imetua", "imeharibika", "imerudi". Na wale saba waliokuwamo ndani tungewasemea "wametua", "wamejeruhiwa", "hawakurudi". Sarufi yetu haichanganyi chombo na mtu. Yaturuhusu tuustaajabie ustadi wa chuma, kisha yatuuliza: na watu je? Wako wapi, walikuwa kina nani, walitumwa na nani, na chini yao walikuwa nani? Tulipotazama tena tuliona kwamba hata pale East Kirkby kazi iliyo kubwa kuliko mngurumo ni ile ya majina. Ndani ya jengo kumewekwa kumbukumbu ya vijana walioondoka kwenye kiwanja kile wasirudi, na watu waliokuwa wakicheka kwenye hema za chai walikuwa wakiingia humo na kuvua kofia.

Sasa tuseme juu ya tumbo la chombo. Tumbo la Lancaster lilitengenezwa ili libebe mabomu, na ni refu kuliko chumba cha darasa. Lakini majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 njaa iliikumba sehemu ya magharibi ya Uholanzi iliyokuwa bado mikononi mwa Wajerumani, na watu wapatao 20,000 wakafa. Kuanzia tarehe 29 Aprili hadi tarehe 8 Mei 1945, ndege zile zile za mabomu zilikwenda Uholanzi mchana kweupe, zikishuka chini sana, na matumbo yao yakafunguka yakamwaga magunia ya unga, mayai ya unga, sukari na chai. Ndege za Uingereza peke yake zilidondosha karibu tani 7,000 za chakula. Haikubadilishwa hata skrubu moja ya maana. Kilichobadilishwa ni mzigo na amri.

Jambo hili si geni kwa wazee wetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma, wakati wa masika makali, mpaka ikafika mto Chindwin. Barabara ziligeuka tope hadi kiunoni, hata magari yakashindwa. Chakula na risasi vikaletwa kwa ndege na kuangushwa kwa miavuli. Katika kijiji cha mmoja wetu alikuwako mzee aliyetumikia batalioni ya Uganda katika vita hivyo. Hakupenda kusimulia mapigano, lakini ndege alizisimulia. Aliziita "ndege za posho", na alikuwa akiinua mikono miwili kuonyesha jinsi walivyotazama juu ya miti wakingoja magunia yashuke. Watoto tuliokuwa tukimsikiliza tulidhani ni hekaya. Neno lake hilo, ndege za posho, hatujalikuta katika kamusi yoyote.

Wala tusidhani kuwa angani walikuwamo wazungu watupu. Vijana walitoka Kanada, Australia, visiwa vya Karibi na Afrika Magharibi. Mmoja wao twapaswa kumjua sisi watu wa Kiswahili kuliko wengine. Ulric Cross alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1917. Alijiunga na jeshi la anga la Uingereza mwaka 1941, akawa mwonyesha njia katika kikosi namba 139, ambacho kilipewa jina la Jamaica kwa kuwa watu wa kisiwa hicho walichanga fedha za kununulia ndege. Alikwenda vitani mara 80 na kupewa nishani mbili za juu. Ndege aliyoiongoza iliitwa Mosquito, yaani mbu, nayo iliundwa kwa mbao: mafundi wa makabati na viti ndio waliozigundisha mbao nyembamba kwa gundi, kazi ambayo seremala wa Lamu angeitambua mara moja kwa harufu yake. Baada ya vita Cross alisomea sheria, akaja Afrika kuzitumikia nchi zilizokuwa zikijitawala, Ghana na Kamerun; na kuanzia mwaka 1967 hadi 1971 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Alifariki mwaka 2013. Ni dhahiri kuwa wako Watanzania waliosimama mbele yake mahakamani Dar es Salaam pasipo kujua kwamba jaji yule alikuwa ameivuka anga ya Ujerumani usiku, akiwa na ramani magotini na taa ndogo mkononi.

Tukirudi kwetu, twaona kuwa vita vya angani vilizigusa nchi zetu mapema. Mwezi wa Juni 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini, zilizoletwa vipande vipande kutoka Ulaya, ziliruka kutoka ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika zikaishambulia Kigoma, bandari ya Wajerumani. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe mwezi uliofuata. Ikaopolewa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Watu wa Burundi, Kigoma na Kongo wameisafiria kwa miaka mingi pamoja na dagaa na mawese yao. Na katika vita vya pili, Kongo ilitoa kitu kizito zaidi. Madini ya urani yaliyochimbwa Shinkolobwe, huko Katanga, ndiyo yaliyotumika kwa sehemu kubwa katika kuunda bomu lililoangushwa na ndege juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mchimbaji wa Katanga, asemaye Kiswahili kama sisi, hakuwahi kuambiwa alikuwa akichimba nini.

Wenzetu wa Lincolnshire wanahifadhi kumbukumbu katika chuma. Sisi tumeihifadhi zaidi katika maneno. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina ya kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, waliobeba mizigo ya majeshi vichwani na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Keya ni herufi tatu za jina la jeshi la kikoloni zilizotafunwa na midomo yetu zikawa neno. Posho ilikuwa chakula cha askari na wapagazi kabla haijawa ugali wa wanafunzi wa bweni nchini Uganda. Maneno haya yametuzunguka kila siku sokoni na mezani. Hayana mngurumo, hayali petroli, na hayaangukii watu. Lakini yana udhaifu mmoja mkubwa: neno lisipoelezwa, huwa bubu. Mtoto anaweza kununua viatu Kariakoo maisha yake yote asijue kwamba amesimama juu ya jina la kaburi.

Na hapa twafika kwenye jambo ambalo kwetu sisi walimu wa Uganda si la makumbusho, bali ni la kila asubuhi. Katika nchi yetu Kiswahili chenyewe ni urithi wa vita, au ndivyo watu wengi wanavyokiona. Kilifundishwa katika kambi za keya na za polisi. Mwaka 1973 serikali ya kijeshi ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nayo walipokuja kuuangusha utawala ule, nao walisema Kiswahili. Lugha ile ile iliyoamuru watu walale chini ndiyo iliyowaambia wainuke. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria imekwisha kusema. Lakini mioyo haipati amri kwa tangazo la serikali. Bado wako wazazi wanaotuuliza, tena kwa heshima, kwa nini tunawafundisha watoto wao lugha ya wanajeshi.

Mzazi mmoja mama, ambaye mumewe alichukuliwa na askari katika miaka ile asionekane tena, alikuja shuleni kwa mmoja wetu na kusema maneno machache: "Mwalimu, mimi neno la mwisho nililolisikia kabla hawajamchukua lilikuwa la Kiswahili. Sasa mwanangu ananisalimu kwalo." Mama huyo hakuja kugomba. Alikuja kuuliza afanye nini na maumivu yake.

Zipo njia mbili rahisi za kumjibu, na zote mbili hazifai. Ya kwanza ni kumwambia asahau, kwamba lugha haina kosa, kwamba ni lugha ya umoja na biashara. Hayo ni kweli, lakini kuyasema kabla ya kumsikiliza ni sawa na kupiga makofi kabla ya kuuliza nini kilikuwa tumboni mwa ndege. Ya pili ni kukubali kuwa lugha hiyo ni ya damu, tuiache. Hiyo nayo ni sawa na kuiponda Lancaster ikawa vyuma chakavu na kudhani kuwa kwa kufanya hivyo tumewafufua watu wa Hamburg. Aliyekunja mikono na aliyepiga makofi walikubaliana katika hili, japo hawakukubaliana katika lile la maonyesho.

Njia tunayoijaribu sasa ni ndefu zaidi. Tunatenga chombo na watu, kama sarufi yetu inavyotuelekeza. Tunawafundisha wanafunzi maneno ya vita bila kuyaficha: amri, kizuizi, keya, posho, Kariakoo, tunaeleza yalikotoka na nani alikufa humo. Kisha tunajaza tumbo la lugha mzigo mwingine: barua kwa bibi, bei za soko, mashairi, maelezo ya jinsi ya kumnyonyesha mtoto mgonjwa maji ya chumvi na sukari. Mama yule alialikwa darasani muhula uliofuata. Alikuja. Hakuzungumza juu ya mumewe; aliwafundisha watoto jinsi ya kusuka mkeka, kwa Lugisu, na watoto wakaandika hatua zake kwa Kiswahili na kumsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha hatua moja waliyoikosea, akaondoka. Hatudai kuwa amepona. Twasema tu kwamba safari hii maneno ya Kiswahili aliyoyasikia yalikuwa yake mwenyewe.

Ndugu walimu, tulio Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, hatuna Lancaster wala mashamba ya kuiuza ili tuinunue, na pengine ni heri. Tuna wazee. Waliokuwa Burma wamekwisha karibu wote, lakini watoto wao wapo, na waliokuwa vijana mwaka 1979 bado wanakwenda shambani. Kila mmoja wao amebeba maneno mawili matatu ambayo hayamo katika kamusi, kama yale ya ndege za posho. Twapendekeza kila mwalimu awape wanafunzi wake kazi ya likizo: waulize nyumbani neno moja la Kiswahili lililoingia katika familia yao kwa njia ya vita, waandike maana yake, nani alilisema, na lini. Yaliyo bora yaletwe kwa mhariri wa jarida hili kwa maandishi yanayosomeka, yakitaja wilaya na umri wa msimuliaji bila kumtaja kwa jina kama hapendi. Sisi tumekwisha kuanza. Orodha yetu ina maneno 31, na ukurasa wa pili uko wazi.